Nani Alimwambukiza Nani? Maisha ya Robert Koch na Kikohozi cha Chumba Chetu

Wanazuoni wenzangu, naanza na mambo ya chumbani. Mwaka wa pili, muhula wa pili, nilikohoa wiki saba bila kumwambia mtu. Chumba kile kilikuwa cha watu wanne kwenye karatasi za ofisi ya hosteli, lakini kila mtu anajua maisha ya kubebana yalivyo. Tulilala sita. Dirisha lilifungwa kwa sababu ya mbu, na usiku joto likipanda mnavuta hewa ile ile mpaka alfajiri. Mimi nilikuwa nasema ni vumbi la uwanjani, ni chipsi za mafuta mabaya, ni AC ya kumbi za mihadhara. Nilikuwa na majaribio matatu mfululizo na sikutaka kusapu. Siku niliyoona damu kwenye leso ndiyo siku niliyokwenda zahanati. Makohozi yakapimwa, jibu likaja: kifua kikuu.

Miezi miwili baadaye jamaa wa kitanda cha juu naye akaanza kukohoa. Akapimwa, naye anao. Basi hapo maneno yakaanza. Wengine walisema mimi ndiye niliyempa. Wengine wakasema hapana, yeye ndiye aliyekuja nao kutoka kwao, mimi nimeugua mapema tu kwa sababu mwili wangu ni dhaifu. Magodoro mawili yakahama usiku. Yeye akaacha kunisalimia, na mimi kimoyomoyo nikawa namtuhumu yeye. Swali likawa moja tu pale korido nzima: nani alimwambukiza nani?

Miezi sita ya kumeza vidonge ni mirefu. Nilianza kushinda maktaba, na badala ya kupiga msuli wa kozi zangu nikajikuta nasoma habari za mtu aliyekionyesha dunia kijidudu kilichokuwa kinanila mapafu. Anaitwa Robert Koch. Nilidhani nitasoma habari za shujaa. Nilichokipata ni kigumu zaidi, na ndicho ninachotaka kuwasimulia.

Mtoto wa mji wa migodi

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji mdogo wa migodi katika milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi. Watoto nyumbani walizaliwa kumi na watatu, yeye akiwa wa tatu, kwa hiyo mambo ya kubanana chumbani yeye hakuhitaji kufundishwa. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na miaka mitano aliwashangaza wazazi wake kwa kusoma magazeti, akiwa amejifunza mwenyewe.

Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen, akaishia kwenye udaktari. Pale alikuwapo mwalimu mmoja, Jacob Henle, ambaye tangu mwaka 1840 alishaandika kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo mno. Wakati ule hilo lilikuwa wazo la kuchekwa. Madaktari wengi waliamini hewa chafu ya mabwawa ndiyo inayoleta maradhi. Kifua kikuu hasa kilidhaniwa ni cha ukoo: baba akifa nacho, mtoto akifa nacho, basi damu yao ndiyo mbovu. Hebu fikiria mantiki hiyo. Watu wa nyumba moja wanalala chumba kimoja, wanavuta hewa moja, halafu lawama inapewa damu yao.

Koch alimaliza mwaka 1866. Mwaka uliofuata akamwoa Emmy Fraatz, wakapata mtoto mmoja tu, Gertrud. Alikuwa na ndoto ya kusafiri dunia, lakini maisha ya daktari kijana asiye na mtaji yakampeleka mji huu hadi mji ule akitafuta riziki. Vita ya Ujerumani na Ufaransa ilipozuka mwaka 1870 alijitolea kama daktari. Mwaka 1872 akapata kazi ya uganga wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Wolsztyn.

Maabara nyuma ya pazia

Hapa ndipo ninapompenda Koch kuliko mahali pengine popote. Wollstein hapakuwa na chuo, hapakuwa na maktaba, hapakuwa na profesa wa kumsimamia. Alikuwa daktari wa wilaya, kazi yake kuzalisha, kufunga majeraha na kujaza fomu za serikali. Alikuwa na darubini, ambayo inasimuliwa mkewe ndiye aliyemtafutia. Sehemu ya chumba alichopokelea wagonjwa aliigeuza maabara.

Mifugo ya wilaya ile ilikuwa inakufa kwa kimeta. Koch alichukua damu ya wanyama waliokufa, akaiingiza kwenye panya kwa vijiti vyembamba vya mbao kwa sababu hakuwa na sindano za kifahari. Panya wakafa. Akachukua damu yao akaingiza kwa panya wengine, nao wakafa, na kila mara chini ya darubini aliona vijiti vile vile. Akavikuza nje ya mwili kwenye majimaji ya jicho la ng'ombe. Akaviona vikitengeneza mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini miaka na miaka, ndiyo maana malisho yale yale yalikuwa yanaua ng'ombe kila msimu.

Mwaka 1876 alifunga virago vyake vya panya na vioo, akaenda Breslau kumwonyesha profesa wa mimea Ferdinand Cohn. Alionyesha jaribio lake hatua kwa hatua kwa siku kadhaa. Waliomwona walielewa kwamba daktari huyu wa shamba amewapita wote. Cohn akaichapisha kazi yake mwaka huo huo.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin, kwenye Ofisi ya Afya ya Dola. Sasa alikuwa na wasaidizi na vifaa. Tatizo lake kubwa lilikuwa namna ya kutenganisha bakteria wa aina moja na wengine, maana kwenye supu wote huogelea pamoja. Alianza na vipande vya kiazi kilichochemshwa: kila kijidudu kinapotua kinajenga kijiji chake peke yake. Kisha jelatini, lakini jelatini ikipata joto inayeyuka. Aliyeleta suluhisho ni Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, Walther Hesse. Jikoni kwake alikuwa anagandisha vyakula kwa aga, unga wa mwani wa baharini, ambao hauyeyuki kirahisi hata siku za joto. Wenzetu wa maabara mnaomwaga aga kwenye sahani kila Jumanne mnatumia ujuzi wa mama huyu. Koch aliitaja aga kwenye maandishi yake ya mwaka 1882, lakini jina la Fanny hakulitaja.

Jioni ya tarehe 24 Machi 1882

Kifua kikuu kilikuwa mtihani wa aina nyingine. Mwaka 1865 daktari wa jeshi la Ufaransa, Jean Antoine Villemin, alishaonyesha kwamba ukichukua usaha wa mgonjwa ukamwingizia sungura, sungura anaugua. Kwa hiyo kuna kitu kinachohama. Lakini kitu gani? Hakuna aliyekiona.

Sababu mbili zilikificha. Kwanza, kijidudu hiki kina ngozi ya nta inayokataa rangi, na bila rangi huwezi kukiona. Koch alijaribu rangi nyingi, mwishowe rangi ya buluu yenye magadi ikaingia. Alipaka kwa saa 24, kisha akapaka rangi ya kahawia juu yake. Nyama yote ikawa kahawia, na ndani yake vikaonekana vijiti vyembamba vya buluu, vilivyopinda kidogo.

Pili, kinakua polepole mno. Bakteria wa tumbo hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Huyu wa kifua kikuu huchukua karibu siku nzima. Mtu mwingine angetazama vyombo vyake kwa siku tano, asione kitu, amwage. Koch alitumia majimaji ya damu yaliyogandishwa kwa moto, akaviweka kwenye joto la mwili, akasubiri. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili ndipo vilipotokea vidoa vikavu kama magamba. Akavikuza tena na tena, akawaingizia simbilisi, wakaugua kifua kikuu, akavitoa tena kwao.

Jioni ya tarehe 24 Machi 1882 alisimama mbele ya Chama cha Fiziolojia cha Berlin akiwa na vioo vya darubini zaidi ya 200. Hakuwa msemaji mzuri. Aliwaeleza kwamba mtu mmoja kati ya kila saba hufa kwa ugonjwa huu, kisha akawaonyesha mdudu mwenyewe. Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi wala aliyeuliza swali. Watu walinyanyuka kimya kimya wakaenda kuchungulia darubini. Miongoni mwao alikuwa kijana Paul Ehrlich, ambaye alikwenda kuboresha ile njia ya kupaka rangi. Miaka michache baadaye Ehrlich huyo huyo aliwakuta vijidudu kwenye makohozi yake mwenyewe, akaenda Misri kujiuguza. Tarehe hiyo ya 24 Machi ndiyo Siku ya Kifua Kikuu Duniani, ile ambayo hapa chuoni huwa tunapewa fulana.

Ile habari ya damu mbovu ya ukoo ikavunjika. Mgonjwa hakuwa tena mtu wa kizazi kilicholaaniwa. Lakini nikiwa maktaba na chupa yangu ya maji nilijiuliza: kama mdudu anahama kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, si maana yake sasa kuna wa kulaumiwa? Koch aliondoa lawama kwenye damu, akaiweka kwenye pumzi.

Dawa ya siri

Baada ya hapo alikuwa mtu mkubwa. Mwaka 1883 alikwenda Misri kuwinda mdudu wa kipindupindu, akamfuata mpaka Calcutta, India, na mwaka 1884 akarudi nyumbani kama jemadari aliyeshinda vita. Mwaka 1885 akawa profesa Berlin. Mashindano yake na Louis Pasteur wa Ufaransa yalikuwa makali, na nchi zao zilikuwa zinayatazama kama mechi ya watani wa jadi.

Agosti 1890, mbele ya mkutano wa kimataifa wa madaktari Berlin, Koch alitangaza kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu kwa simbilisi. Novemba akaandika kwamba kinasaidia watu pia, hasa walio mwanzoni mwa ugonjwa. Kikaitwa tuberkulini. Kilichomo ndani ya chupa hakukisema.

Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila pembe, wengine wakifia njiani. Madaktari nao wakaja, akiwemo Arthur Conan Doyle, yule mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes, ambaye naye alikuwa daktari. Aliondoka na mashaka, akayaandika. Punde Rudolf Virchow, bingwa wa kupasua maiti, akaanza kuonyesha waliokufa baada ya kuchomwa sindano ile: ugonjwa haukuwa umelala, ulikuwa umetawanyika. Januari 1891 Koch alilazimika kusema kilichomo. Kumbe ilikuwa ni mchuzi tu wa vijidudu vile vile, uliotolewa kwa glisarini. Mara akaondoka kwenda Misri.

Wakati huo huo nyumba yake ilikuwa inavunjika. Alimpenda Hedwig Freiberg, binti aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 30, akaachana na Emmy na kumwoa Hedwig mwaka 1893. Berlin ya wakati ule haikumsamehe haraka.

Lakini chupa ile haikwenda bure. Baada ya Koch, watu wengine waligundua kwamba tuberkulini kidogo chini ya ngozi huvimbisha mkono wa mtu ambaye mdudu ameshaingia mwilini mwake, hata kama haumwi. Kumbe dawa iliyoshindwa ilikuwa kipimo kizuri. Mimi mwenyewe nimewahi kuchomwa sindano ya aina hiyo mkononi.

Niliposoma sura hiyo nilifunga kitabu. Koch alikuwa na haraka ya sifa, akaficha kilichomo kwenye chupa, watu wakaumia. Na mimi nilikuwa na haraka ya majaribio yangu matatu, nikaficha kikohozi.

Koch huku kwetu

Wengi hatujui kwamba mtu huyu alikanyaga ardhi yetu zaidi ya mara moja. Mwaka 1896 alikuwa Kimberley, Afrika Kusini, akipambana na sotoka iliyokuwa inamaliza ng'ombe wa bara zima. Mwaka 1897 akapita India kwa ajili ya tauni, kisha akaja Dar es Salaam, wakati huo ikiwa makao ya Wajerumani, akakaa mpaka 1898 akichunguza malaria na magonjwa ya mifugo. Katika taarifa zake aliandika jambo ambalo kwetu ni la kuchekesha na kufikirisha: watu wa milima ya Usambara walimweleza kwamba wakishuka bondeni hupata homa, na homa hiyo wanaiita mbu, kwa sababu wanaumwa na mbu. Wazee wa Usambara walikuwa na jibu wakati maprofesa wa Ulaya bado wanabishana.

Mwaka 1905 alirudi, akachunguza homa inayoletwa na papasi kwenye nyumba za njia za misafara, na akaonyesha kwamba vijidudu huingia hadi kwenye mayai ya papasi. Mwishoni mwa mwaka huo akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Kisha ikaja safari ya visiwa vya Sese, upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria, mwaka 1906 na 1907. Malale ilikuwa imeua watu wengi kandokando ya ziwa, inakadiriwa zaidi ya 200,000. Koch alipiga kambi na kuwachoma wagonjwa sindano za atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki. Mwanzoni walionekana kupata nafuu. Ugonjwa uliporudi akaongeza dozi. Watu wapatao ishirini wakapofuka kabisa, ndipo akairudisha chini. Alipendekeza pia wagonjwa wakusanywe kwenye kambi za kuwatenga.

Hawa waliopofuka hakuna kitabu nilichosoma kinachotaja majina yao. Cohn ana jina, Virchow ana jina, hata panya wa Wollstein wamesimuliwa vizuri. Wavuvi wa Sese ni idadi tu. Kijana wa sayansi wa Afrika Mashariki akisoma maisha ya Koch lazima asimame hapo kidogo kabla hajaendelea.

Koch alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, akiwa na miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, kwenye taasisi iliyobeba jina lake.

Alama za vidole za mdudu

Sasa nirudi kwenye swali la korido yetu. Koch alijua kusema: huyu ana mdudu, yule ana mdudu. Hakuweza kusema kama mdudu wa huyu na wa yule ni wa ukoo mmoja. Chini ya darubini wote ni vijiti.

Hilo liliwezekana miaka zaidi ya mia moja baadaye. Ndani ya vinasaba vya mdudu huyu kuna kipande kinachoitwa IS6110, ambacho kina tabia ya kujinakili na kuhama. Mdudu mmoja anaweza asiwe nacho kabisa, mwingine akawa navyo hata ishirini na zaidi, kila kimoja mahali pake. Maabara hukata vinasaba kwa kimeng'enya, huvitandaza kwenye jeli, na vipande vyenye IS6110 hujitokeza kama mistari, mfano wa ile mistari myeusi ya bei kwenye pakiti ya biskuti. Mwaka 1993 wataalamu walikubaliana njia moja ya kufanya hivyo ili picha ya nchi moja ilinganishwe na ya nchi nyingine. Wagonjwa wawili wakiwa na mistari sawa, kuna uwezekano mkubwa wako kwenye mnyororo mmoja wa maambukizi ya karibuni. Ikitofautiana, kila mmoja ameupata kwake.

Mwaka 1994 tafiti mbili za Marekani, moja San Francisco na nyingine New York, zilitumia alama hizi na kushtua watu. Ilikuwa inaaminika kwamba katika miji ya nchi tajiri wagonjwa wengi ni watu ambao mdudu alilala ndani yao miaka mingi kisha akaamka. Kumbe karibu theluthi moja au zaidi walikuwa wameambukizwa juzi juzi, wengine na watu wasiowafahamu hata kwa sura.

Huku kwetu nako alama zimesomwa. Kuna aina moja ya mdudu huyu ambayo kwenye orodha za kimataifa imepewa jina la Kilimanjaro, inaitwa CAS1_KILI. Njia hizi pia zilimaliza ubishi mmoja wa Koch mwenyewe. Mwaka 1901, London, alisimama na kudai kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari ya maana kwa binadamu. Tume ya Uingereza ilichunguza miaka kumi ikampinga. Leo alama za vinasaba hutenganisha mdudu wa ng'ombe na wa mtu bila shida, na tunajua kwamba maziwa mabichi kweli huambukiza. Koch alikuwa sahihi kwamba ni wadudu wawili tofauti, akakosea kwenye hatari, na mpaka anakufa hakukubali kushindwa.

Tangu mwaka 1998 jenomu nzima ya mdudu inajulikana, herufi milioni 4.4 hivi. Sasa inawezekana kuzisoma karibu zote na kuhesabu tofauti. Kwa wastani mdudu hubadilisha herufi moja hivi kila miaka miwili. Wagonjwa wawili wakitofautiana kwa herufi tano au pungufu, huenda wameambukizana karibuni. Zikizidi kumi na mbili, sahau.

Lakini habari iliyonikalisha chini ni ya Cape Town, iliyochapishwa mwaka 2004. Watafiti walilinganisha alama za wagonjwa wanaoishi nyumba moja katika mtaa wenye kifua kikuu kingi. Chini ya nusu ndio waliofanana na mwenzao wa nyumbani. Na walipopiga hesabu ya maambukizi yote ya mtaa, yaliyotokea ndani ya nyumba yalikuwa asilimia 19 tu. Mengine yote yalitokea huko nje ambako watu hukutana. Kumbe mtu anaweza kulala kitanda cha juu yako, akaugua baada yako, na bado mdudu wake asiwe wako.

Na hata alama zikifanana, zenyewe hazisemi nani alianza. Zinasema tu kwamba ninyi wawili mko kwenye mnyororo mmoja. Anaweza kuwapo mtu wa tatu, kondakta wa daladala, mwuza vitumbua, mhadhiri anayekohoa kwenye maikrofoni.

Kwenye kimbweta

Sampuli zetu hazikusomwa alama. Zilipimwa kuona kama mdudu yupo na kama dawa zitamweza, tukaanza dozi, basi. Kwa hiyo swali la korido halina jibu, na halitapata.

Nilipomaliza mwezi wa nne nilimfuata yule jamaa. Alikuwa amekaa peke yake kwenye kimbweta, anasoma nondo za mtu. Nilimwambia kwamba nilikohoa wiki saba kabla sijapimwa na nilijua kabisa kwamba si vumbi. Sikuwa na uhakika kama mimi ndiye niliyempa, ila nilikuwa na uhakika kwamba nilimweka hatarini, yeye na wale wanne wengine, na kwa hilo nikamwomba msamaha. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba babu yake alifariki akikohoa, na yeye ndiye aliyekuwa akilala naye chumba kimoja akiwa darasa la tano. Tangu tuugue alikuwa anaogopa kwamba yeye ndiye aliyeuleta, akaona heri kukaa mbali nami kuliko kuulizwa.

Tulikuwa tumetuhumiana na kuogopana miezi yote ile, kila mtu na siri yake.

Tulimaliza dozi wote wawili, yeye miezi miwili baada yangu. Wale wengine wanne walipimwa, wako salama. Chumba sasa tunalala wanne na dirisha liko wazi. Tulichangishana tukanunua wavu wa mbu, bei yake haifiki hata bumu la siku mbili. Wewe unayesoma hapa na unakohoa wiki ya tatu ukisema ni vumbi, zahanati inafunguliwa asubuhi, kipimo na dawa ni bure. Nenda kabla ya jaribio, usisubiri baada yake.